Ya Bure, ya Kulipia, na Sauti ya Mukecuru wa Busanza

Tangu nifunge kibanda changu cha kutengeneza kompyuta pale Kimisagara, nimegundua kwamba kustaafu ni jina tu. Mnakuja kunisalimu na laptopu kwapani. Salamu moja, kikombe kimoja cha chai, kisha swali lile lile: "Shangazi, niweke antivirusi ya bure au ya kulipia?" Hata siku ya Idi, pilau bado linatoa moshi, mmoja wenu alifungua mashine yake mezani kati ya sahani ya nyama na bakuli la kachumbari. Sitamtaja. Anajijua, na kachumbari ilimjua pia.

Basi leo nawajibu wote kwa pamoja, wapwa zangu na marafiki wa wapwa zangu. Nikisema "ya bure inatosha" mtaondoka mbio mkidhani mmemaliza, na nikisema "lipeni" mtasema shangazi amehongwa. Kwa hiyo nitawajibu kwa habari ya Vestine wa Busanza, ambaye karibu apoteze sauti ya mama yake. Si kwa sababu alichagua ya bure, wala si kwa sababu alichagua ya kulipia. Subirini, nitafika.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Gaspard, Mungu amrehemu. Alikulia Tanzania, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote, na alianza na mashine za kupiga chapa kabla kompyuta hazijajaa mjini. Kibandani mwake palikuwa na kigoda kimoja cha mteja. Ukileta mashine, yeye haigusi. Anakukalisha pale na kukuuliza ulifanya nini siku ilipoanza kuumwa, nani aliigusa, nini kiliingizwa humo, kilitoka kwa nani. Wateja walichukia sana. Wengine walisema huyu ni fundi au ni askari wa upelelezi? Yeye anacheka na kusema kompyuta haisemi uongo, ila mwenye kompyuta husahau.

Nilidharau kigoda hicho mwanzoni. Mimi nilitaka bisibisi. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda niliona kwamba nusu ya magonjwa yalitibiwa mtu akiwa bado amekaa pale anasimulia.

Kwa mfano, mwalimu mmoja wa Nyamirambo alituletea mashine iliyokuwa nzito kupita kiasi. Alisema ukiiwasha asubuhi unaweza kufua nguo na kuzianika kabla haijaamka. Mzee Gaspard akamkalisha. Kumbe bwana huyu alikuwa mwoga wa virusi, akaweka antivirusi, halafu rafiki akamsifia nyingine akaiongeza, halafu akasikia redioni habari za nyingine akaiongeza nayo. Zote zilikuwa macho kwa wakati mmoja, kila moja ikimshuku mwenzake, kila faili likikaguliwa na huyu na kukaguliwa tena na yule. Mafahari wawili hawakai zizi moja, na huyu alikuwa na zaidi ya wawili. Tukawatoa wote tukabakiza mmoja, na mashine ikapumua. Hilo ni jambo la kwanza: mlinzi awe mmoja. Ukitaka mwingine, muage kwanza wa zamani, na umuage vizuri, kwa njia ya kuondoa programu, si kwa kufuta ile picha yake ndogo kwenye skrini tu.

Siku hizo zilikuwa tofauti na zenu, nawaambia. Intaneti ilikuwa ya kwenda kuitafuta kwenye sibakafe, na virusi havikusafiri kwa intaneti, vilisafiri kwa miguu. Vilipanda flashi. Kulikuwa na kimoja kilichopenda kuficha mafaili yako na kuacha njia za mkato za uongo mahali pake. Watu walikuja wakilia kwamba kazi zao zimeliwa, na sisi tunazifichua zikiwa nzima. Tulionekana waganga. Dawa yenyewe nayo tulikuwa tunaipakua sibakafe, tunaichoma kwenye sidii, tunaipeleka nyumba hadi nyumba kama chanjo. Wakati huo ukiuza kompyuta bila antivirusi ya kulipia, umeuza nyumba bila mlango.

Leo mlango unakuja na nyumba. Kompyuta nyingi za nyumbani zinakuja na ulinzi wake ndani, haujalipiwa pembeni, na si mbaya hata kidogo. Zipo pia za bure za makampuni mengine, nzuri kabisa, na injini yake mara nyingi ni ile ile ya nduguye wa kulipia. Mtu wa nyumbani anayeandika barua zake, anayetazama picha za harusi, anayelipa umeme kwa simu, na asiyebonyeza kila kinachometameta, ya bure inamtosha. Nasema hivi nikiwa nimeuza za kulipia miaka mingi.

Lakini anayekupa bure naye ana watoto wa kulisha. Hajji mmoja muuza vitenge alinijia ameifunga laptopu yake kwa kitambaa cha ibada. "Mama Hadija, hii kitu iko nanitisha. Iko nasema niko kwa hatari." Nikaifungua. Dirisha jekundu, alama ya mshangao, maneno makubwa. Nikasoma hadi chini, na chini kabisa palikuwa na kitufe cha kununua. Nikamweleza kwamba hakuna kirusi, ni ile antivirusi yake ya bure inatangaza biashara.

"Kwa hiyo mlinzi ndiye anatisha mimi?"

"Ndiye."

"Mana yanjye, Mungu wangu. Na mimi nimeshaambia mke wangu tunahama."

Kwa hiyo ya bure utailipia kwa uvumilivu. Itakugongea bega, itakuonyesha mambo mekundu, itataka kukubebesha programu nyingine usiyoihitaji wakati wa kuiweka. Soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza "endelea". Ya kulipia inakunyamazia, na mara nyingi inakuja na vitu vya ziada: leseni moja kwa mashine na simu za nyumba nzima, kuchunga watoto wanapoingia mtandaoni, na binadamu wa kumpigia simu ukikwama. Ukiwa na nyumba ya watoto wengi na simu nyingi, au unafanyia biashara nyumbani na kuhifadhi mambo ya wateja, lipa tu, usilalamike. Ila uangalie leseni inaisha lini. Nimeona watu wamelipa mara moja, leseni ikaisha, wao bado wanatembea kifua mbele. Mlinzi wao ameacha kujifunza sura za wezi wapya, yupo tu mlangoni na kofia.

Sasa nije kwa Vestine.

Alikuwa karani wa hesabu kwenye ghala moja la Masoro, na nyumba yake iko Busanza, kwenye zile nyumba za safu. Alikuja Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, viatu bado vina udongo. Nyuma yake alikuwa shemeji yake, Innocent, mdogo wa mume wake, amebeba mfuko wa laptopu kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umeanguka. Mzee Gaspard alikuwa ameshafariki, lakini kigoda nilikirithi. Nikamkalisha Vestine.

"Mafaili yote iko, Mama Hadija," alisema, "lakini haifunguki. Iko na majina ya ajabu. Na kuna barua imeandikwa, wanataka tulipe."

Nilizijua barua hizo. Kirusi cha aina hiyo hakiharibu kitu, kinakifunga kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa jambazi asiyejulikana. Nikamuuliza ndani mna nini anachokitaka zaidi. Nilitegemea aseme vyeti, au picha.

"Sauti ya mama."

Mama yake, mukecuru, yaani bibi kizee, kama wote walivyomwita pale mtaani, alikuwa mtegaji wa vitendawili asiye na mfano. Jioni aliwakusanya watoto wa safu nzima. Kwa Kinyarwanda mtegaji huanza, "Sakwe sakwe!" na watoto huitikia, "Soma!" kama sisi tunavyosema "Kitendawili!" na "Tega!" Vestine alimrekodi kwa simu, vitendawili, hadithi na vicheko, akavihamishia vyote kwenye laptopu na kuvifuta kwenye simu ili apate nafasi. Kisha mukecuru akapata kiharusi. Mguu ulirudi kidogo, mkono ukarudi kidogo, ulimi haukurudi. Tangu hapo hakuwa ametamka neno. Sauti yake ilibaki ndani ya mashine ile tu, na sasa ilikuwa imefungwa.

Niliumia, sisemi uongo. Nikaendelea kuuliza, kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Antivirusi gani ilikuwemo?

"Ilikuwa ile yake yenyewe, imekuja nayo. Halafu shemeji akaniletea nyingine. Ya kulipia, lakini bure."

Hapo, vijana wangu, ndipo mnipe masikio yote mawili. Mnaniuliza ya bure au ya kulipia, kana kwamba njia ni mbili. Iko ya tatu, na ndiyo iliyojaa mjini: ya kulipia iliyovunjwa kufuli, inayogawiwa kwa flashi na kwa tovuti za mafichoni, na maneno matamu kwamba ni kamili na haiishi leseni. Innocent alikuwa amekuja kumtembelea shemeji yake, na kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Wengine hubeba maziwa, wengine matunda. Yeye alibeba flashi.

"Maelezo ilisema tuzime kwanza ulinzi wa zamani," Innocent alisema polepole. "Ati ndiyo ikubali kuingia."

"Na mkazima?"

"Yego, tulizima."

Nilipandisha sauti. Niliuliza ni mlinzi gani wa geti anayefika kazini siku ya kwanza na sharti kwamba walinzi wote waondolewe na taa zizimwe kabla hajaingia. Mteja aliyekuwa mlangoni aliamua kurudi kesho. Vestine akamtetea shemeji yake: "Nilisitasita, kweli. Lakini zawadi ya shemeji, ya muramu, unaikataaje? Unamwambia ngoja kwanza niipime?"

Swali hilo ndilo lililonituliza, kwa sababu lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa letu wenyewe. Nikamgeukia Innocent. "Ungemletea ubushera," nikasema, maana yake ile togwa yetu ya mtama, "ungefanyaje kabla hajanywa?"

"Ningesogongera."

Ninyi mliokulia na juisi za pakiti huenda mmesahau. Gusogongera ni ile desturi ya anayetoa kinywaji kuonja yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo ampe. Hakuna anayeona ni tusi. Ni heshima, na aliyeonja ndiye amejifunga kwa alichokitoa.

"Na hii flashi, wewe uliiweka kwenye mashine yako?"

"Oya, sikuiweka. Yangu ni ya kazini, hawaruhusu. Nilipewa na mtu, na yeye sijui alipewa na nani." Akaweka kiganja mdomoni. Hakuwa mtu mbaya yule kijana. Alimpenda shemeji yake na alitaka kumpa kitu kizuri, ila alitoa kikombe ambacho hakukionja.

Nilifanya la kufanya. Niliikata mashine na intaneti. Niliyakopi yale mafaili yaliyofungwa kwenye diski nyingine na kuyaweka kando, kwa sababu kuna siku watu wema huupata ufunguo wa kirusi fulani na kuugawa bure, na asiyetunza kufuli lake hana cha kufungua. Niliwakataza kulipa, jambazi hana risiti. Lakini ufunguo wa kirusi kile haukuwepo siku ile, na haujapatikana hadi leo. Nilimwambia Vestine hivyo hivyo, bila kumzungusha. Alitikisa kichwa, akaanza kufunga mfuko.

Nikakumbuka swali la mwisho la Mzee Gaspard, lile aliloliuliza kila mara dawa ilipokosekana: ulimpa nani?

"Sikumpa mtu," Vestine akasema. "Ni vitu vya nyumbani."

Watu husahau walichotoa. Nikauliza kwa njia nyingine: nani alivipenda?

Akafikiri. "Mama Keza, jirani. Watoto wake walikuwa wanakataa kulala. Nilimwekea..." Akasimama wima. "Nilimwekea kwenye kikadi cha redio yake!"

Tulipanda gari la Innocent wote watatu kwenda Busanza, laptopu ikiwa mapajani mwa Vestine kwa sababu alikataa kuiacha. Njiani ndipo na yeye akaniuliza lile swali lenu, ya bure au ya kulipia. Nikamjibu kama ninavyowajibu ninyi. Chukua ya bure ukiwa mtu wa nyumbani mwangalifu, uitoe kwa mwenyewe aliyeitengeneza, si kwa tangazo wala kwa flashi ya mtu. Lipa kama unahitaji hayo ya ziada. Isasishe, na kompyuta yenyewe uisasishe, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ya bure na ya kulipia zote ni walinzi, na mlinzi siku moja husinzia. Kinachorudisha kilichopotea ni nakala, iliyokaa mahali pengine, haijaunganishwa na mashine. Akiba haiozi. Na uifungue siku moja moja uone kama kweli inafunguka.

"Ningejua," akasema.

Mama Keza tulimkuta jikoni anachambua dodo, yaani mchicha. Redio ndogo nyekundu ilikuwa dirishani, inaimba kwaya. Vestine alipomweleza, aligeuka akaitazama redio, na uso wake ukabadilika.

"Yebaba we. Mwanangu mkubwa aliniwekea kwaya pale wiki iliyopita. Alisema nafasi iko imejaa, kuna vitu amefuta."

Hakuna aliyemlaumu. Nilianza kubonyeza kitufe cha kuruka wimbo. Kwaya. Kwaya. Kwaya nyingine, ile ile ya kwanza imerudiwa. Vestine alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kwaya. Halafu kikohozi cha mtu mzima, kiti kikakwaruza, na sauti ya mama, kavu na yenye utani:

"Sakwe sakwe!"

Huko nje, nyuma ya jiko, watoto waliokuwa wanacheza wakaitika kwa mazoea bila hata kuangalia: "Soma!"

Vestine aliinyakua ile redio. Nilidhani anataka kuikumbatia. Kumbe alikuwa anachomoa kikadi, na mkono wa pili umeshafungua laptopu kukichomeka, ili akikopi haraka kabla hakijapotea nacho. Nilimdaka mkono. Nilimdaka kwa nguvu hadi akapiga kelele, na siombi radhi. Mashine ile ilikuwa bado mgonjwa. Ingekifunga kikadi kile kwa dakika chache tu, na redio, ambayo haijui virusi wala antivirusi, ingekuwa imetunza bure. Ninyi nanyi mkumbuke hilo, kwa sababu furaha ndiyo inayowasahaulisha: usimlaze mzima kitanda kimoja na mgonjwa.

Kikadi nilikirudisha redioni kwa mkono wangu. Baadaye nilikikopi kwenye mashine yangu, baada ya kukikagua, mara kadhaa na mahali tofauti. Vilivyobaki humo havikuwa vingi. Hadithi ndefu zote zilikuwa zimefutwa, na zile Vestine hajazipata tena. Viliokoka vitendawili vichache tu.

Lakini kabla ya kukopi chochote, Vestine alitaka mama yake asikie. Tukavuka ua na ile redio nyekundu. Mukecuru alikuwa amekaa kitini karibu na mlango, kitenge magotini, anatazama watu wanaopita. Alitusalimu kwa macho. Innocent alipiga goti pembeni ya kiti, akaishika redio ili isianguke.

"Wewe kwanza," Vestine akamwambia. "Sogongera."

Innocent akaiweka redio sikioni kwake, akabonyeza, akasikiliza hadi mwisho huku machozi yanamtoka. Kisha akairudisha mwanzo, akaisogeza karibu na mama na kubonyeza tena. Kikohozi. Kiti kikakwaruza.

"Sakwe sakwe!"

Mukecuru aligeuza kichwa polepole kuielekea sauti yake mwenyewe. Midomo ilicheza, ikatafuta, ikakosa, ikatafuta tena. Vestine alikuwa ameshafungua mdomo amsaidie, nikamgusa bega asubiri.

"Soma," akasema mama yake.